Mtandao Wenu Hauna Winga

Jengo la Rahaf, ghorofa ya chini,
Mchafukoge, Dar es Salaam.
Jumatatu.

Kwa Mkurugenzi wa Mitambo,
Kampuni ya Simu ya Barizi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MTANDAO USIO NA MTU WA KURUDIWA, NA OMBI LA SIMU MOJA TU KWENDA MPANDA

Pokea salamu zangu za heshima. Zingekuwa nyingi zaidi, lakini siku kumi na moja bila mtandao zimezipunguza.

Mimi naitwa Humoud Basil. Nauza vifaa vya umeme hapa chini, na ni katibu wa Kamati ya Wapangaji wa jengo hili ambalo juu ya paa lake umesimama mnara wenu. Nina miaka hamsini na minne. Nasoma magazeti matatu kwa siku pamoja na kitabu chochote kinachoangukia mikononi mwangu, na barua nilizowahi kuandikia ofisi mbalimbali zimejaza mafaili manne. Hii nimeifungulia la tano.

Sitazunguka. Namtaka mtu mmoja kutoka ofisini kwenu, mwenye jina na cheo, ampigie simu Bi. Clotilda, mwenye duka la nguo kule Mpanda, kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi, amwambie maneno haya: "Si Mwinyimvua aliyekukatia simu. Ni sisi." Maneno hayo hayamalizi dakika moja. Sababu za kuyaomba ni ndefu kidogo, nami nimezipa namba ili baadaye asitokee mtu wa kusema hakuziona.

1. Mmechukua utaratibu wetu bila kubisha hodi.

Mwezi uliopita mlitualika hotelini sisi wa majengo yenye minara. Sambusa zilikuwa nzuri, hilo nakiri. Mtoa mada wenu alitueleza kwamba zamani kampuni ya simu ilinunua mtambo mzima kwa mtengenezaji mmoja: redio zake za kurushia mawimbi, kabati lake, programu yake, mpaka skrubu zake. Ukishaingia kwake, umeingia. Sasa, akasema, Barizi imefungua mlango. Redio mnanunua kwa huyu, kompyuta kwa yule, programu kwa wa tatu. Na ule ubongo wa mtambo, uliokuwa ndani ya kabati la chuma juu ya vichwa vyetu, umegeuzwa kuwa programu. Umekwenda kukaa kwenye kompyuta za kawaida huko nje ya mji, na kutoka huko unaendesha minara mingi kwa mpigo. Alisema haya kwa sauti ya mtu aliyevumbua moto.

Ndugu Mkurugenzi, mpya iko wapi hapo? Toka ofisini kwako, njoo Kariakoo, simama mahali popote, sema unataka muziki wa kufunga ukumbini. Kabla hujamaliza sentensi atakuwa amekushika mkono mtu anayeitwa winga. Winga hana duka, hana stoo, hana hata meza. Ana miguu, simu na sura. Atakuketisha kwenye duka ambalo si lake, atakuagizia soda, atakwambia "dakika mbili bosi wangu, mzigo uko stoo," kisha atapotea. Spika atazitoa kwa Mhindi wa Mtaa wa Aggrey, amplifaya kwa Mchaga wa Livingstone, waya kwa mtu wa tatu ambaye hata yeye hamjui vizuri. Atarudi na muziki mzima, utalia, utacheza. Huo ndio mtandao mnaouita huria. Sisi tumeuendesha kwa miaka yote hii bila kijitabu cha rangi kama mlichotugawia.

Sidai hataza. Nadai adabu. Mtu akija kuiga upishi wa jirani, angalau anapita mlangoni kumsalimia mpishi.

2. Mmechukua nusu, na nusu mliyoiacha ndiyo yenye uhai.

Hapa naomba usome taratibu. Kariakoo huwa hatumuulizi winga kama vitu amevitoa sehemu moja au kumi. Tunachojua ni kwamba spika ikikoroma, mteja harudi kwa Mhindi wala kwa Mchaga, maana hakuwaona. Anarudi kwa sura aliyoiona. Winga anaweza kujificha siku mbili, anaweza kuzima simu, anaweza kujisingizia msiba wa Rufiji. Siku ya tatu atapatikana kwenye kahawa, na atabeba hiyo spika mgongoni yeye mwenyewe kuizungusha duka kwa duka mpaka kieleweke. Asipofanya hivyo, kesho yake kila mtu mtaani anajua, na miguu yake haina kazi tena.

Ni kama mshenga. Mshenga haolewi wala haoi, lakini ndoa ikiingia mdudu, wa kwanza kugongewa mlango ni yeye. Anakwenda kukaa katikati ya wanandoa wawili waliovimba, anakunywa chai ya baridi, anatukanwa na pande zote mbili. Kwa nini? Kwa sababu ndiye aliyesema "hawa wanafaana."

Sasa niambie: nani alisema redio ile na programu ile zinafaana? Jina lake nani? Anakunywa kahawa wapi?

3. Yaliyotokea juu ya paa siku ya nne.

Mnara wenu mpya uliwashwa Jumatano ya wiki ya juzi. Kuanzia Alhamisi simu zikaanza kukatika katikati ya maneno. Nilipiga huduma kwa wateja mpaka binti wa huko akaanza kunitambua kwa kikohozi. Jumapili wakaja. Nasema wakaja, lakini kwa mwili alikuja fundi wenu wa mkataba, Anselmi, kijana mwenye heshima zake, pamoja na mwakilishi wa wauza redio aliyevaa miwani ya jua. Mwakilishi wa wauza programu alikuja akiwa ndani ya simu, kwa spika, kutoka mji ambao hakutaka kuutaja.

"Shikamoo mzee Humoud," Anselmi akasema.

"Marahaba. Leo mnatengeneza?"

"Leo tunaangalia, mzee."

Yule wa miwani akafungua kompyuta yake, akaangalia kwa muda wa kutosha kuiva chapati mbili, akasema, "Redio yangu nzima kama yai. Tatizo ni programu."

Ile simu ikajibu papo hapo: "Programu haina shida kabisa. Hebu angalieni kompyuta inayoiendesha."

"Kompyuta ni ya nani?" nikauliza.

"Ya kampuni nyingine," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Anselmi akampigia mtu wa kompyuta. Mtu wa kompyuta akasema kompyuta inapumua vizuri, muulizeni mtu wa redio. Nikamgeukia mtu wa redio. Alikuwa ameshavua miwani na yuko kwenye ngazi, anashuka. Mwinyimvua, winga ambaye alikuwa amepanda nami kwa sababu nitakazozieleza, alimwita kwa uchungu kabisa: "We bwana! Hata sisi tunaoitwa matapeli hatukimbii mteja akiwa bado anatuona!"

Kila mmoja wao alikuwa na ripoti inayosema yeye ni mzima. Nikizijumlisha ripoti hizo, mtandao wenu ni mzima kabisa, na sisi ndio hatupo.

4. Bi. Clotilda.

Sasa nije kwenye shina. Mwinyimvua ni winga wa jengo letu, mwenyeji wa Pwani, ana miaka arobaini na nane, na kwa miaka kumi na mbili amemnunulia nguo Bi. Clotilda wa Mpanda. Hawajawahi kuonana ana kwa ana. Mwanzoni ilikuwa sauti tu, sasa ni video. Kila Alhamisi saa nne asubuhi mama yule anafungua simu, na Mwinyimvua anamtembeza duka kwa duka kama anayemshika mkono. "Kaka Mwinyi, sogeza nione kola." "Hiyo zipu ya plastiki, usiniletee." "Hebu vuta kitambaa, vuta kwa nguvu, wewe umekula leo?" Jirani zangu husimamisha biashara kumsikiliza. Nusu ya wateja wa mikoani alionao Mwinyimvua wameletwa na mdomo wa mama huyu. Akimkataa mama huyu, wamemkataa wote, na kwa mtu asiye na duka hakuna kitu kingine kinachobaki.

Alhamisi ile walikuwa kwenye sare za shule. Mama akauliza, "Sasa hiyo ndiyo bei ya mwisho?" Simu ikakatika. Mwinyimvua akapiga. Mama akauliza tena, "Nimesema, ndiyo ya mwisho?" Ikakatika. Mara ya tatu hakusubiri hata salamu, akaanza na "Bei," na ikakatika hapo hapo.

Mtu wa ofisini anaweza asielewe uzito wake. Kariakoo, kumkatia mteja simu kwenye bei ni ujanja unaojulikana. Unakata, unampa dakika tano za wasiwasi, kisha unampigia na kusema mzigo umegombewa. Mwinyimvua hajawahi kumfanyia Bi. Clotilda jambo hilo hata siku moja, na ndiyo maana lilimuuma mama vile. Mama alimtumia ujumbe wa sauti, ambao niliusikia kwa masikio yangu:

"Kaka Mwinyi, miaka kumi na mbili mtandao haujawahi kujua bei. Leo umejulia wapi? Kama umenichoka, sema, wapo wengine."

Mwinyimvua akampigia kwa laini ya kampuni nyingine. Mama akasema, "Na namba umebadilisha? Haya," akakata, safari hii kwa kidole chake mwenyewe. Akamwandikia maelezo marefu, nikamsahihishia mimi mwenyewe, aya nne. Akajibiwa kwa dole gumba, lile la njano. Alhamisi hii mama anaagiza mzigo wa kufungulia shule, na ameshamwambia dereva wa lori linalompelekea mizigo kwamba anatafuta winga mwingine.

Mshitakiwa hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Ndiyo maana tunamhitaji mtu wenu. Nimemwomba mtu wa redio, akasema si yeye. Nimemwomba mtu wa programu, akanipa namba ya tiketi ya malalamiko. Nikamsomea Mwinyimvua hiyo namba, akaniuliza, "Nimpelekee Clotilda namba?"

5. Mchoro.

Katika kijitabu chenu, ukurasa wa sita, kuna mchoro wa mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake maneno kwamba soko la mitandao ya aina hii linakua kwa kasi mwaka hadi mwaka duniani kote. Nimeutazama sana. Mimi ni mtu wa sokoni, nimesomea uchumi kwa macho yangu na kwa vitabu vya kila upande, na najua soko linapokua: watu wanarudi kununua mara ya pili. Mchoro wenu unaonyesha walionunua. Hauonyeshi aliyerudi, na aliyerudi alipokelewa na nani.

6. Hatua ambazo Kamati imezichukua.

Kwa kuwa mmetushawishi kwamba huu ndio mwendo wa dunia, Kamati ya Wapangaji ilikaa Jumamosi na kuamua kwa kauli moja kulifungua Jengo la Rahaf, na kuligeuza kuwa programu kwa kadiri inavyowezekana. Kuanzia sasa paa ni la kamati, ngazi ni za mpangaji wa ghorofa ya tatu, mlango wa paani ni wa mama wa mgahawa, na kufuli ya mlango huo tumempa mkataba mtu wa Tandika. Mlinzi tumemwondoa getini. Hakufukuzwa, la hasha. Amehamishiwa nyumbani kwake Mbagala, na kutoka huko analinda majengo manne kwa simu.

Fundi wenu akifika na kukuta mlango haufunguki, atapewa ushirikiano wote. Mwenye mlango atamthibitishia kwamba mlango ni mzima. Mwenye kufuli atasema kufuli haina kosa, aangalie ufunguo. Mwenye ngazi atamwonyesha ripoti kwamba ngazi zinapanda vizuri. Mlinzi atampa namba ya tiketi. Tunatarajia matumizi ya utaratibu huu yatakua mwaka hadi mwaka, na tumeshachora mstari.

Mama wa mgahawa ameuliza kama na choo cha pamoja kifunguliwe kwa mtindo huu. Nimemwambia tusifike huko kabla ya kusikia kutoka kwenu.

7. Tunachoomba.

Kwanza, ile simu ya Mpanda. Namba ya mama nimeiambatanisha, na maneno ya kusema nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili.

Pili, mteue Winga Mkuu wa Mtandao. Simpendekezi mhandisi. Mhandisi atawaeleza kilichoharibika, na hilo kila mmoja wenu ameshaeleza, mara tatu kwa namna tatu. Tunamtaka mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mnara, mchana, mahali anapoonekana, ambaye akifuatwa na mtu aliyekatiwa simu atasema, "Ni mimi, nipe hadi jioni." Akishasema hivyo ataingia huko kwa watu wa redio, wa kompyuta na wa programu kuwavuta mmoja mmoja kwa shati. Mwinyimvua yuko tayari kuwafundisha kazi hiyo bila cheti. Msipompata mtu wa namna hiyo katika kampuni yenu nzima, basi mjue hamjajenga mtandao. Mmenunua vitu tu.

Tatu, kama kufikia Alhamisi saa nne hakuna sura yoyote itakayokuwa imejitokeza kusema "ni sisi," Kamati itaichukulia Barizi kuwa ni kampuni isiyokuwepo, na itautangaza mnara wenu kuwa ni kamba ya kuanikia nguo. Bi. Azza wa ghorofa ya nne ana mashuka sita yanayosubiri uamuzi huo.

Nimalize kwa wema. Msalimie mtoa mada wa hotelini. Msalimie binti wa huduma kwa wateja, aliyeniita "mpendwa mteja" mara kumi na tisa bila sauti yake kuchoka. Mwambie sina ubaya naye. Wasalimie watu wa redio, wa kompyuta na wa programu, kila mmoja peke yake, maana najua hawakai pamoja. Wapangaji wote wanawasalimu, na Mwinyimvua anawasalimu kwa namna yake, ambayo nimeona nisiiandike.

Niliye bado mteja wenu, kwa kukosa pa kukimbilia,

Humoud Basil
Katibu, Kamati ya Wapangaji, Jengo la Rahaf
(Mhuri umepigwa)

NYONGEZA, Jumanne saa sita mchana.

Ndugu Mkurugenzi, barua ilikuwa imeshafungwa. Asubuhi hii Anselmi amekuja peke yake. Amesema jana usiku hakulala vizuri akifikiria kwamba kila mtu alikagua kitu chake, na kwamba kati ya vitu vyao kuna kebo fupi ya faiba ambayo si ya yeyote. Amepanda, ameichomoa, ameweka nyingine kutoka kwenye begi lake. Mtandao umerudi hapo hapo, mkali, mpaka ndani ya stoo yangu ambako haujawahi kufika tangu nipange.

Kisha ameshuka na ile kebo mbovu. Akaiweka juu ya kaunta yangu kwa adabu, pamoja na mfuko wa nailoni uliokuwa umeifunga, aliouokota nyuma ya kabati. Juu ya mfuko kuna maandishi ya kalamu ya wino: "ORIJINO KABISA, HAIRUDISHWI." Mwandiko ni wangu.

Siku ile ya kuwasha mnara, kebo mliyoleta ilipungua mita moja. Fundi mwingine, mwenzake Anselmi, alishuka barabarani kutafuta, na akashikwa mkono na winga. Winga alimketisha, akamwagizia soda, akamwambia "dakika mbili bosi wangu." Alikuja kwangu mbio. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nikampa bila kuinua macho. Kwenye ule mtambo wa zamani, Anselmi anasema, kebo yangu isingekubaliwa hata kuchomekwa. Huu mpya ni huria, umeipokea kama mwanafamilia.

Nimemwita Mwinyimvua, nikamwonyesha kebo na mfuko. Ameniambia, "Bwana Humoud, siku ya tatu imeshapita zamani." Akachukua simu, akampigia Bi. Clotilda, na mimi nikiwa pembeni.

"Dada, ile simu ilikatika kwa kebo mbovu. Kebo niliiuza mimi."

Kule Mpanda kukawa kimya. Tukadhani imekatika tena.

"Umeniuzia mimi?"

"Hapana dada. Nimewauzia wenye mtandao."

Mama alicheka mpaka tukasikia wateja wake wakimuuliza kuna nini. Akasema, "Siku kumi na mbili nawaza nimekukosea nini, kumbe umeipiga kampuni nzima ya simu! Halafu unanipigia mwenyewe kuniambia. Haya, Alhamisi saa nne, na ukichelewa nitajua ni wewe." Wamepatana bei hiyo hiyo ya mwanzo, wala hakuna aliyekata.

Kwa hiyo ile simu ya Mpanda msiipige tena. Barua nimeshaipiga mhuri, na mhuri wa kamati haufutiki, hivyo nawatumia kama ilivyo. Ila mtakapokuwa mnaisoma, kila nilipoandika "ninyi," wekeni "sisi". Na mtu wenu akitaka kurudisha kebo, nipo hapa chini, mlango wa pili kushoto, nimekaa mahali ninapoonekana.